Kompyuta ya dukani haibuti baada ya kutia SSD, na ya zamani nayo sasa inagoma

steshenari_chake – Ijumaa, saa 3 usiku

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nina steshenari ndogo hapa Chake Chake, natoa kopi, nachapa mitihani ya skuli na ya madrasa, na wanafunzi wa chuo huniletea ripoti zao za fildi niwapangie. Kompyuta yangu ni ya mezani, niliinunua used, Windows 10, RAM 8, na diski yake ilikuwa ile ya kuzunguka ya GB 500 ambayo imechoka kweli kweli, asubuhi unaiwasha unakunywa chai unamaliza bado vidoti vinazunguka kwenye kioo, na siku hizi ukiitegea sikio unasikia tik tik.

Juzi nilikwenda Unguja kwa shughuli zangu nikapita Darajani nikanunua SSD ya GB 480, ile diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi. Nimerudi nayo Pemba nikaifunga mwenyewe pembeni ya ile ya zamani maana ndani mna nafasi na waya zipo, nikashusha programu ya kukloni, yaani kunakili diski kama ilivyo kwenda diski nyengine. Nikitaka kukloni diski nzima inakataa, inasema inayopokea ni ndogo. Basi nikatia tiki kwenye C peke yake kwa kuwa ndiyo yenye Windows, D yenye kazi za wateja nikasema ntaihamisha baadae. Ikaenda mpaka asilimia mia bila kosa lolote.

Nikawasha zote mbili zikiwemo, ikawaka. Nikafurahi ila nikajiuliza mbona spidi ni ile ile, nikadhani labda itachangamka mbele kwa mbele. Jana nikachomoa ya zamani ibaki SSD peke yake, hapo ndipo balaa lilipoanza, kioo cheusi na maandishi "no boot device found" basi. Nikaingia BIOS (setingi za mashine kabla Windows haijaanza) nikatoa UEFI, njia mpya ya kuanzisha mashine, nikaweka Legacy, ile ya zamani, wapi. Nikaona video mtu anasema badilisha modi ya SATA (namna mashine inavyozungumza na diski) toka RAID uweke AHCI, nikabadilisha, wapi. Nikarudisha UEFI na nikarudisha diski ya zamani nikitegemea angalau niendelee na kazi, na yenyewe sasa inaanza kidogo halafu kioo cha buluu, INACCESSIBLE BOOT DEVICE, inazima inawaka inazima inawaka.

Jumatatu asubuhi kuna skuli inataka mitihani yake na yote imo kwenye D. Sijalala vizuri toka jana. Kitu chengine sijui kama kinahusu, saa ya hii mashine kila umeme ukikatika inarudi mwaka 2015, na mie kila siku naiweka sawa kwa mkono.

kijana_fuoni – Ijumaa, saa 3 na nusu usiku

Kaka usijitese, piga Windows upya kwenye SSD, nusu saa umemaliza. Kukloni kuna mambo mengi.

steshenari_chake – Ijumaa, saa 4 usiku

Ahsante kaka, lakini nikipiga upya draiva ya fotokopi mashine sinayo tena, aliyenifungia alikuja na CD yake akaondoka nayo, na fonti za Kiarabu ninazochapia mitihani ya madrasa nilizikusanya miaka, hata sikumbuki nyengine nilizipata wapi. Hiyo iwe ya mwisho kabisa.

fundi_mlandege – Ijumaa, saa 5 usiku

Wa alaykum salaam ndugu yangu, pole. Kwanza tulia, kwa ulivyoeleza sioni kitu kilichopotea hapo, una matatizo mawili tofauti yamekutana siku moja ndio maana yanakuchanganya. Nakuomba kitu kimoja tu kabla ya yote, hiyo diski ya zamani usiiformati, usiifute, usimpe mtu. Mpaka SSD isimame yenyewe peke yake na ifanye kazi siku kadhaa, hiyo ya zamani ndio bakapu yako pekee, na kwa hiyo tik tik uliyoitaja usiiwashe washe bila sababu.

Tuanze na kioo cha buluu maana hicho ni chepesi. Ulipobadilisha RAID kwenda AHCI ndipo ulipoiua ya zamani. Windows inapofungwa mara ya kwanza inashika draiva ya ile modi iliyoikuta, ukibadilisha modi ghafla inaamka haiwezi kuzungumza na diski ambayo yenyewe imo ndani yake, inakata tamaa na kukuonyesha buluu. Hakijaharibika kitu. Rudi BIOS, SATA irudishe RAID kama ilivyokuwa, hakikisha pale kwenye buti ni UEFI, sevu, washa na ya zamani peke yake. Itawaka. Ikiwaka tu, kabla ya kufanya lolote, chukua flashi ukopi mitihani ya Jumatatu na ripoti za wale wanafunzi. Hilo lifanye usiku huu huu.

Sasa la SSD. Kitu ulichotuambia ambacho kimenipa jibu ni kwamba ulipowasha zote mbili spidi ilikuwa ile ile. Ilikuwa ile ile kwa sababu hukuwa kwenye SSD hata sekunde moja, ulikuwa bado unatumia ya zamani. Diski ya Windows ya UEFI haina C na D tu, mwanzoni mna kipatisheni kidogo, yaani kipande cha diski kilichotengwa, mara nyingi MB 100, hakina herufi na ndani ya "This PC" hukioni, na humo ndimo zimo faili za kuanzishia. BIOS haiijui C wala D, inatafuta hicho kidogo, na hicho ndicho kinachoiambia Windows iko wapi. Wewe umehamisha vyombo vyote nyumba mpya lakini mgeni akifika anamuuliza jirani yule yule, na jirani anamwelekeza nyumba ya zamani. Ulipoichomoa ya zamani umemwondoa na jirani, mgeni amebaki njiani.

Na kule kukataa kukloni diski nzima ni kwa sababu ya ukubwa, GB 500 Windows huisoma kama 465 na 480 huisoma 447, kwa hiyo ile mpya ni ndogo kwa kama 18 hivi. Ungeipunguza D kwanza kwenye Disk Management ikaachia kama 25 ukaikloni nzima, programu nyingi zingekubali, na hicho kidogo kingekwenda pamoja. Lakini si lazima urudie, kinaweza kutengenezwa pale pale.

Swali langu moja kabla sijakupa njia: SSD ikiwa peke yake, ukiingia BIOS jina lake linaonekana kwenye orodha ya diski au halionekani?

mwalimu_wete – Jumamosi, saa 1 asubuhi

Hilo swali la fundi jamani mlichukulie kwa uzito. Mie mwaka jana nilibadilisha diski ya laptopu yangu, ile ndogo kama kipande cha ubani, M.2. Nimehangaika siku nne na flashi za Windows, nimeangalia video mpaka bando limeisha, kumbe BIOS yenyewe ilikuwa haiioni kabisa. Tundu la laptopu yangu linapokea M.2 ya SATA tu, na nilichouziwa mjini ilikuwa NVMe, aina nyengine inayofanana nayo kwa umbo. Inaingia vizuri, skrubu inafunga, kila kitu kinaonekana sawa, haisomi tu. Ya SATA mara nyingi ina mapengo mawili pale kwenye meno yake na NVMe ina moja, lakini bora kusoma karatasi ya mashine yako kabla hujatoa pesa. Kama BIOS haiioni basi usihangaike na Windows, hapo ni waya, tundu, au kifaa chenyewe. Na sie tulio karibu na pwani chumvi inakula meno ya waya, chomoa chomeka mara mbili tatu umeme ukiwa umezimwa, wakati mwengine dawa ni hiyo tu.

steshenari_chake – Jumamosi, saa 4 asubuhi

Fundi Mungu akulipe kheri. Nimerudisha RAID na ya zamani imewaka kama hakijatokea kitu, mitihani nshaikopi kwenye flashi mbili, moja nimempa mke wangu aiweke. Na SSD kwenye BIOS inaonekana, jina na ukubwa vyote. Mwalimu ahsante na wewe, nimechomoa chomeka waya na kweli mmoja ulikuwa umelegea.

fundi_mlandege – Jumamosi, saa 6 mchana

Alhamdulillah. Basi kama inaonekana sisi tumebakiwa na kile kipatisheni tu. Tafuta flashi ya GB 8 kwenda juu, itengeneze iwe ya kufungia Windows 10 (si kwa ajili ya kupiga Windows, tunataka kuingia ndani yake tu). Zima, chomoa ya zamani kabisa, waya wa data na wa umeme. Bakisha SSD peke yake, hili usilipuuze, zikiwa mbili ni rahisi kuandika kwenye isiyo yake, na pia Windows mpya ikiamka mara ya kwanza ikaiona ya zamani ipo pembeni inaweza kuendelea kuishika ile kama ndiyo C, mambo yakachanganyika.

Washa uingie menyu ya kuchagua pa kubutia, HP ni F9, Dell na Lenovo nyingi F12. Flashi inaweza kujitokeza mara mbili, chagua ile iliyoandikwa UEFI. Ikifika pale pa kuchagua lugha, bonyeza Shift na F10, kitafunguka kidirisha cheusi. Andika mstari mmoja mmoja na Enta kila mwisho:

diskpart
list disk

Hapo tazama mambo mawili. SSD ni ile yenye 447 GB, shika namba yake, na angalia kulia chini ya neno Gpt kama ina kinyota. Kama kinyota hakipo simama hapo hapo uje uniambie, maana hiyo itakuwa MBR, mpangilio wa zamani wa diski, na njia yake ni nyengine. Kama kipo endelea, tuseme namba ni 0:

select disk 0
list volume
select volume (weka namba ya ile kubwa yenye Windows)
shrink desired=500
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Mstari wa shrink ni kwa kuwa programu za kukloni nyingi zinainyoosha C ikala diski nzima, kama kwako imebaki nafasi tupu uruke. Mstari wa format uwe mwangalifu nao sana, unakuja baada ya create na si kabla, ukiutanguliza utafuta Windows yako. Ukimaliza chomoa flashi, washa.

steshenari_chake – Jumamosi, saa 11 jioni

Fundi kinyota kipo na nimefika mpaka bcdboot nikasita. Kwenye list volume ile kubwa imeandikwa D, na C ni flashi. Nimeogopa kuendelea nimeiacha hivo hivo ikiwa wazi kwenye kioo, nakuandikia kwa simu.

fundi_mlandege – Jumamosi, saa 11 na nusu jioni

Umefanya vizuri sana kusita. Herufi za mle ndani ni za muda tu, flashi inajigaia ovyo, haina maana kwamba Windows yako imegeuka D. Andika kwanza dir D:\Windows uone kama mafolda yanatoka, System32 na wenzake. Yakitoka basi mstari wako ni bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI. Ikijibu kwamba faili za buti zimetengenezwa, umemaliza.

steshenari_chake – Jumamosi, saa 1 usiku

Allahu akbar, imewaka! Nimehesabu, sekunde 25 toka kubonyeza mpaka deskitopu, zamani ilikuwa dakika nne na zaidi. Fonti zote zipo, draiva ya fotokopi ipo, nimejaribu kuchapa ukurasa mmoja wa Kiarabu umetoka safi. Nimemwita mke wangu aje aone. Nimeirudisha ya zamani pembeni ili niipate D, nikaingia BIOS nikaiweka SSD iwe ya kwanza. Wallahi sijui niseme nini.

kijana_fuoni – Jumamosi, saa 2 usiku

Mashaallah. Nimejifunza na mie, nilikuwa kila ikinishinda napiga Windows upya, na wateja wawili watatu walinilalamikia vitu vyao na walikuwa na haki. Fundi suali dogo, mie nna laptopu ya mteja ya Windows 11 nataka kumfanyia hivi hivi, kuna la kuangalia?

fundi_mlandege – Jumamosi, saa 2 na nusu usiku

Angalia BitLocker kwanza. Laptopu nyingi za siku hizi zinafunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua, ukibadilisha kitu kwenye mashine au BIOS, Windows inakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Mwambie mteja aingie akaunti yake ya Microsoft autoe auandike kwenye karatasi, au uisimamishe BitLocker kabla hujagusa skrubu hata moja. Ufunguo ukikosekana data ndio imekwenda, mie mwenyewe sina ujanja hapo wala fundi mwengine hana.

steshenari_chake – Jumatano, saa 2 asubuhi

Ndugu zangu nimerudi, na leo nina hali mbaya kuliko mwanzo. Toka Jumapili mashine inakwenda vizuri. Jana nimekaa kutwa nzima naipanga ripoti ya mwanafunzi mmoja, kurasa 64, majaduali na picha, nimesevu kwenye deskitopu kwa macho yangu. Asubuhi hii nawasha, imechukua muda mrefu, na ripoti haipo. Siyo hiyo tu, kazi zote za toka Jumapili hazipo, hata picha ya nyuma ya kioo niliyobadilisha Jumapili imerudi ile ya zamani. Yule kijana anakuja saa 8 mchana kuichukua. Nimeshamwambia kwa simu kwamba imepotea na nimemsikia anavyonyamaza. SSD imekufa au imejifuta?

mwalimu_wete – Jumatano, saa 2 na nusu asubuhi

Kaka usiku umeme si ulikatika? Huku Wete ulikatika saa 6 mpaka alfajiri. Na wewe siku ya kwanza ulisema saa ya mashine inarudi 2015 kila umeme ukikatika. Itazame sasa hivi inasema mwaka gani.

steshenari_chake – Jumatano, saa 2 na dakika 40 asubuhi

2015. Na huku pia ulikatika.

fundi_mlandege – Jumatano, saa 3 asubuhi

Mwalimu amelishika, na mie nilipaswa kulisema toka Ijumaa, nililisoma nikalipita, nisamehe ndugu yangu. Ripoti yako haijapotea. Usifungue programu za kurejesha faili, usisevu kitu chochote, fungua "This PC" tu uangalie C ina ukubwa gani. Kama si ile kubwa ya SSD basi uko ndani ya Windows ya zamani, ile ya kabla ya Jumamosi, ndio maana ni nzito na picha ni ya zamani na kazi za Jumapili haizijui.

Kwenye bodi mna betri ndogo bapa kama sarafu, CR2032, volti 3. Kazi yake ni kuishikilia saa na setingi za BIOS wakati mashine haina umeme wa ukutani. Yako imekufa zamani. Umeme ukikatika BIOS inarudi kama ilivyotoka kiwandani, na mpangilio ule wa SSD kuwa ya kwanza ukafutika, ikaanza na diski iliyo kwenye tundu la kwanza ambayo ni ya zamani, na ya zamani bado ina kile kipatisheni chake kizima, ikawaka bila kulalamika. Zamani hukuona tofauti kwa kuwa diski ilikuwa moja.

Fanya hivi sasa hivi: zima, chomoa waya wa data wa diski ya zamani, washa. Ripoti itakuwa pale pale ulipoiacha.

steshenari_chake – Jumatano, saa 3 na dakika 20 asubuhi

Ipo. Kurasa 64 zote. Nimekaa chini kwanza.

fundi_mlandege – Jumatano, saa 3 na nusu asubuhi

Alhamdulillah. Mpigie yule kijana kabla hujafanya kitu chengine, asikae na hilo moyoni mpaka mchana.

Kisha nenda kwa fundi saa yeyote hapo Chake ukanunue CR2032, si ghali. Zima, toa waya wa ukutani, ubavuni mwa betri pana kijiti cha chuma kisukume kidogo itaruka yenyewe, tia mpya maandishi yakiwa juu. Ukiwa umefungua, badilisha na waya za data: SSD iende tundu la kwanza kwenye bodi, limeandikwa SATA0 au SATA1 kwa inayoanzia moja, ya zamani iende la pili. Hivo hata betri ikija kufa tena mbeleni, mara nyingi SSD ndiyo itakayotangulia. Ukiwasha, kabla ya lolote ingia BIOS uhakikishe UEFI ipo, RAID ipo, saa ni ya leo.

Na D ihamishie kwenye SSD leo au kesho, usiiache kule kwenye diski ya tik tik. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uisome, ukiona Reallocated Sectors au Current Pending Sector (hesabu za sehemu za diski zilizoharibika au zinazotiliwa shaka) zinapanda basi anza na kazi za wateja kwanza, nyimbo na picha zije baadae.

steshenari_chake – Jumatano, saa 10 alasiri

Betri nimepata kwa elfu moja na mia tano. Nimebadilisha na waya. Kisha nimezima, nimechomoa ukutani dakika kumi makusudi, nimewasha: saa iko sawa, SSD ndiyo iliyoanza. Current Pending inasoma 16 kwenye ile ya zamani, kwa hiyo D naikopi hivi sasa ninavyoandika, imefika nusu, ikimaliza ntaichomoa niizungushie gazeti niitie kwenye saraka la meza, sitaifuta.

Yule mwanafunzi amekuja saa 8. Nimemchapia mbili, moja sikumtoza.